Samaki Wanene wa Baba Sheryl

Obonyo alipostaafu kazi ya ukaguzi wa shule, hakuwa na mpango wowote wa kufuga samaki. Mpango wake ulikuwa kula. Miaka yote ile ya kuzunguka na faili kwapani, kutoka Seme hadi Nyakach, alikuwa akinywa chai ya walimu na mandazi yaliyolala, huku akijiambia kwamba siku moja atakaa nyumbani kwake Milimani, mjini Kisumu, avae kandambili, avute kiti kivulini, na ale kama mtu.

Siku hiyo ilifika, ila haikukaa sana. Miguu ilianza kuwaka moto, akaenda hospitali, na daktari akamlaza kitandani, akampaka kitu cha baridi tumboni, akamwonyesha picha kwenye kioo cha mashine.

"Hili ndilo ini lako, mzee. Unaona linavyong'aa? Ni mafuta hayo. Sukari nayo iko juu. Presha usiseme."

"Mafuta yamefikaje huko?" Obonyo aliuliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaulizia walimu wakuu habari za vitabu vilivyopotea.

Daktari alilitazama tumbo lililokuwa mbele yake. Aliyejibu ni Maximilla, mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani.

"Kwa mdomo," alisema.

Maximilla hakuwa mwanamke wa kudanganywa kuhusu chakula. Kabla ya kustaafu alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na huko alishakuta sukari ndani ya soksi, njugu ndani ya kamusi iliyochongwa katikati, na mandazi yaliyofungwa ndani ya taulo na kuanikwa kambani pamoja na nguo. Tangu siku ile ya daktari, jiko la nyumba yao likabadilika. Karai la kukaangia lilifungiwa stoo. Chumvi ikahamia kabati la juu. Mezani kukawa na kabichi ya kuchemsha, ugali wa wimbi kiasi cha ngumi ya mtoto, na maharagwe yaliyokuwa yakielea kwenye maji kana kwamba yamepotea njia.

Daktari alikuwa ameagiza pia kwamba mzee atafute shughuli ya kumtoa kitini. Obonyo alikataa kutembea, akasema alishatembea vya kutosha akiwa serikalini. Alikataa ng'ombe kwa sababu ya harufu. Kuku walikuwa na kelele. Lakini alipofikiria samaki, kitu fulani kilimjia akilini, na jioni hiyo hiyo akaenda nyuma ya nyumba, akavuka migomba, akasimama kwenye kona ile inayopakana na ukuta wa jirani, akageuka kutazama. Dirisha la jikoni halikuonekana.

"Hapa," alisema. "Bwawa litakuwa hapa."

Likachimbwa, likajazwa maji, vifaranga wa ngege, yaani perege, wakaletwa ndani ya mifuko ya plastiki. Ajwang, mama muuza samaki wa ufukwe wa Dunga aliyewahi kuwa mwanafunzi wake kabla hajawa mkaguzi, alipopata habari hizo alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Japuonj, mwalimu wangu, ziwa lote lile liko pale chini, wewe unachimba lako?"

"Lenu limejaa magugu na maji ya vyoo vya mjini," Obonyo alimjibu. "Langu ni safi."

Sasa, ng'ambo ya ukuta ule aliishi Siddharth, mzee aliyeuza misumari na rangi mjini kwa muda mrefu kabla ya kuwaachia wanawe duka. Alizaliwa Kisumu na alisema Kijaluo cha kuwashinda watoto wa Obonyo mwenyewe. Mkewe, Kanta, alikuwa na mkono ambao mtaa mzima uliujua. Akikaanga bhajia, hata mbwa wa walinzi waligeuza vichwa. Alizikaanga kwa ajili ya hekalu, kwa ajili ya wajukuu na kwa ajili ya wageni, kwa kila mtu isipokuwa Siddharth, ambaye daktari wake alikuwa amempa hukumu ile ile ya Obonyo, labda na nukta zile zile.

Wazee wawili hawa hawakuwahi kukaa chini wakapanga lolote. Siku moja tu Siddharth alipanda juu ya kopo tupu la rangi ili aone bwawa la jirani, na mkononi, kwa bahati, alikuwa na sahani. Siku iliyofuata kopo lilikuwa bado pale, na sahani pia. Obonyo naye, kila alipotumwa soko la Kondele kununua mboga, alirudi na kitu kidogo mfukoni, chapati iliyokunjwa au mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, iliyofungwa gazetini, ili asionekane mtu wa kupokea tu. Walikula wakitazama maji. Waliongea habari za mpira, za watoto, na za jinsi madaktari wa siku hizi wasivyojua kitu.

Sheria ya pale bwawani ilikuwa moja. Kandambili za Maximilla zikisikika njiani, pa, pa, pa, kila kilichokuwa mkononi kiliingia majini, na Siddharth akazama nyuma ya ukuta. Na kwa sababu Maximilla alipenda kupita pale mara kwa mara, samaki walikula vizuri sana. Walikula bhajia za dengu, za viazi na za kitunguu, na chapati. Mchana Obonyo alichukua sahani yake ya kabichi na kwenda "kula huku nikitazama samaki, inanituliza," na kabichi nayo, pamoja na ugali wake wa wimbi, ikawafuata bhajia. Sahani ilirudi safi. Maximilla alifurahi.

Halafu samaki wakaanza kuzoea. Wakisikia tu pa, pa, pa, walikuja juu kundi zima, midomo wazi, wakisukumana.

"Ona," Maximilla alisema siku moja, ameshika kiuno, uso umelainika. "Wakinisikia tu wananikimbilia. Hawa viumbe wananipenda, Baba Sheryl."

Obonyo alimeza kilichokuwa kimebaki shavuni, akakubali kwa kichwa.

Ngege wakanenepa. Walikuwa na mashavu. Walikuwa na matumbo ya wenyeviti wa kamati. Obonyo aliwapiga picha akamtumia kila mtu, na binti yao Sheryl alipopiga simu kutoka Nairobi kusema kwamba wazazi wa Oyugi, kijana aliyetaka kumuoa, wangekuja kujitambulisha, baba mtu alipaza sauti hadi jikoni.

"Waambie waje na njaa! Watakula ngege wa bwawa langu mwenyewe!"

Asubuhi chache baada ya tangazo hilo, alikwenda bwawani akakuta samaki wote wako juu ya maji. Alidhani ni salamu. Lakini hawakuwa wakisukumana. Walikuwa wameelekeza midomo hewani, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga, kama watu waliopanda kilima wakiwa na mizigo. Mmoja alielea ubavu. Mwingine alikuwa na vishada vyeupe mgongoni, kama pamba imemwota. Wengi mapezi yao yalikuwa yamechanika kama bendera ya shule isiyokaguliwa, na mmoja, mkubwa kuliko wote, macho yalikuwa yamemtoka, amemkodolea Obonyo moja kwa moja kana kwamba anamtambua.

Obonyo alishikwa na woga, na woga ukamfanya awe daktari. Alichemsha mwarobaini akamimina. Hakuona nafuu. Akafikiri kwamba mgonjwa anahitaji nguvu, akawapikia uji wa wimbi wenye maziwa, sufuria nzima, akaumwaga taratibu pembeni ili usiwaunguze. Maji yakawa mazito, rangi ya chai ya hoteli. Kesho yake samaki wengine walikuwa wameelea ubavu, na povu limejikusanya pembeni.

Maximilla alisimama pale akatazama. Samaki hawakumkimbilia.

"Huu ni ugonjwa," alisema. "Naita mtu."

Mtu aliyekuja aliitwa Nabwire, daktari wa samaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka ufukweni akichunguza afya ya samaki wanaofugwa kwenye vizimba ziwani. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mabuti ya mpira mpaka mapajani, sanduku mkononi. Maximilla alipogundua kwamba ni mtoto wa Busia, na kwamba shangazi yake aliolewa Butere karibu kabisa na kwao Maximilla, alimkumbatia, na Obonyo akajua kwamba leo yuko peke yake.

"Mzee, hawa unawalisha nini?" Nabwire aliuliza, akichovya kichupa majini.

"Chakula cha samaki."

"Kipi?"

"Cha dukani," alisema Obonyo, na huo haukuwa uongo kamili, kwa sababu chapati za Kondele zinauzwa dukani.

Nabwire alitia matone ndani ya kichupa, akakitikisa, rangi ikageuka, na nyusi zake zikapanda. Akanusa maji. Akafuata povu kwa macho, kutoka bwawani hadi kwenye kijimfereji kilichopita kati ya migomba, akatembea nacho hadi kikaishia mahali ambapo gari la Obonyo lilikuwa limesimama, limeoshwa, linang'aa.

"Hapa ndipo unaoshea gari?"

"Kila Jumamosi," Maximilla alimjibia. "Na mafuta ya injini humwagia hapo hapo. Nimesema nimechoka."

"Basi kila Jumamosi samaki wako wanaoga sabuni na kunywa oili, mzee. Hewa ya majini wanaivuta kwa haya hapa." Alikuwa amerudi, amemshika ngege mmoja aliyekwisha kufa, akainua kifuniko cha shavu lake. Ndani kulikuwa na nyuzi za nyama zilizopauka, zimejaa uteute. "Haya ni matamvua. Yanatakiwa yawe mekundu. Naomba meza na kisu. Tutamfungua tuone ndani."

Meza ya jikoni ilitolewa nje, ikatandikwa gazeti. Obonyo alisimama mbali kidogo. Angependa kusimama mbali zaidi, lakini Maximilla alikuwa anamwangalia.

Nabwire alipasua tumbo kwa mkato mmoja, akatenga vitu kwa ncha ya kisu.

"Hili ni ini. Mnaona rangi? Ni kama siagi. Ini la ngege mwenye afya huwa jekundu. Hili limejaa mafuta, ukiligusa tu linasambaratika."

Obonyo aligundua kwamba mkono wake mwenyewe umejiweka ubavuni, upande wa kulia, chini ya mbavu.

"Mafuta yamefikaje huko?" Maximilla aliuliza.

Nabwire alikuwa amefika kwenye tumbo, anavuta kitu taratibu kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo.

"Hii ni kabichi," alisema. "Ya kuchemsha. Hii... ni kitunguu. Hii ni dania." Alisogeza pua. "Pilipili. Na huu wote hapa ni unga wa dengu uliokaangwa." Akanusa tena, akaonekana kushangaa kweli. "Kuna ukwaju."

"Ngege wanapenda sana mimea," Obonyo alisema.

"Mimea iliyokaangwa, mzee?"

"Korongo!" Obonyo alipata wazo, akalishika kwa mikono miwili. "Wale korongo wa jalalani! Wanaokota vitu huko, wanapita hapa juu, wanaviangusha. Mimi nimewaona. Ni shida kubwa mtaa huu, hata nilitaka kuandikia kaunti."

"Korongo anakula na chatne ya ukwaju?" Nabwire aliuliza, kwa heshima zote.

Maximilla aliinama karibu na meza. Alikuwa anaitazama kabichi. Na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya ukuta, ikasikika sauti ya kopo likiburutwa, kisha sauti ya mtu anayenong'ona kwa nguvu zake zote.

"Omera! Ndugu yangu Obonyo! Toka upesi, leo ni za viazi, bado moto!"

Juu ya ukuta ikachomoza sahani. Nyuma ya sahani ukaja mkono, na nyuma ya mkono kichwa chenye upara cha Siddharth, kikitabasamu. Kilimwona Maximilla. Kilimwona mwanamke mwenye mabuti. Kilimwona samaki mezani, tumbo wazi.

"Habari za asubuhi, Mama Sheryl," Siddharth alisema, na sahani ikaanza kushuka polepole, bila haraka, mpaka ikapotea. Kisha kopo likateleza. Ulisikika mshindo, sahani ikavunjika, na kutoka ndani ya nyumba ile sauti ya Kanta ikapaa juu ya miti.

"Siddharth! Hizo bhajia ni za hekalu! Unampelekea nani?"

Obonyo alingoja mkewe alipuke. Alikuwa ameshajiandaa, amekaza shingo kama mtu anayengoja sindano. Lakini Maximilla alichukua tu kitambaa, akafuta kona ya meza iliyolowa, akamwambia Nabwire, "Endelea kumweleza la kufanya, mwanangu. Mimi niko ndani," akaondoka. Pa, pa, pa. Kule bwawani, samaki wawili watatu waliokuwa na nguvu kidogo walijivuta juu, wakafungua midomo.

Nabwire aliosha mikono yake akaeleza, na Obonyo alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza daktari yeyote. Vijidudu vinavyoleta ile pamba na kula mapezi, alisema, viko majini siku zote, hata maji yawe safi namna gani. Samaki mwenye nguvu havimwezi. Lakini samaki akilishwa mafuta ini linachoka. Chakula kinachobaki kinaoza chini, na kule kuoza kunakula hewa yote ya majini, ndiyo maana alfajiri wanakuja juu kutafuta pumzi. Ukiongeza sabuni, ule ute unaolinda ngozi yao unatoka, na mlango unabaki wazi.

"Kwa hiyo wasile kabisa siku chache. Uchafu wa chini utolewe, maji yabadilishwe kidogo kidogo. Wenye pamba waogeshwe maji ya chumvi. Huo mfereji uzibe leo. Na wakianza kula tena, ni chakula chao, kile cha punje zinazoelea, kidogo asubuhi, kidogo jioni. Wasipokimaliza upesi, umezidisha. Kitu cha kukaangwa, marufuku."

Maneno haya Obonyo alikuwa ameyasikia mahali.

"Na mazoezi je?" aliuliza, kwa aibu.

"Mazoezi wanafanya, mzee. Ni samaki."

Alipokuwa akimsindikiza getini, Obonyo, ambaye hakupenda kubaki ameshindwa kila upande, alisema kwamba angalau bwawa lake bado lilikuwa na nafuu kuliko ziwa. Nabwire aliangalia chini kule, ambako maji yalionekana kipande kati ya mapaa, yana rangi ya kijani.

"Ziwa nalo ni hivi hivi. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye vizimba, samaki wamekufa mpaka wenye vizimba wakakosa pa kuwazika. Mfereji wa ziwa ni mrefu kuliko wako, basi. Hatuwezi kuuziba kwa jembe."

Mchana Obonyo alimkuta Maximilla mezani peke yake. Mbele yake kulikuwa na kabichi ya kuchemsha, ugali wa wimbi, na maharagwe yanayoelea. Alikuwa anakula taratibu, anatafuna kila tonge kana kwamba ameamriwa.

"Max," alisema.

"Mimi sina sukari," Maximilla alisema bila kumtazama. "Presha sina. Daktari alinipima siku ile ile uliyopimwa wewe, akasema mama, wewe ni mzima, kula unachotaka. Unajua ninavyopenda kuku wa kukaanga. Unajua. Nikasema hapana, mtu hawezi kukaa mezani anakula cha mgonjwa huku mwenzake anakula nyama. Tutakula kimoja. Nimekula hii kabichi tangu wakati huo, Baba Sheryl. Kumbe nilikuwa nakula na ngege."

Obonyo alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Angejiona, angeona samaki wa alfajiri.

"Na wale samaki," Maximilla aliendelea, akiweka tonge chini. "Walipokuwa wananikimbilia..."

"Nilikuwa nawatupia ukija. Wakazoea kandambili zako."

"Nilidhani wananipenda."

Hilo ndilo lililomuuma Obonyo kuliko yote. Aliona angeweza kustahimili ini, na sukari, na hata kulala kwenye kochi, lakini uso ule wa mkewe aliposema hivyo hakuuweza. Alikwenda jikoni akachukua sahani, akarudi, akajipakulia kabichi na ugali. Akala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuionja vizuri.

"Haina ladha kabisa," alisema.

"Najua."

"Unawezaje?"

"Natafuna nikiwaza kukuua," Maximilla alisema, na kwa namna alivyosukuma bakuli la maharagwe upande wake, Obonyo alielewa kwamba amesamehewa nusu.

Nusu nyingine aliitafuta bwawani. Maximilla na Kanta walikutana ukutani, wakazungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya chini, wakafikia mkataba ambao waume zao hawakuonyeshwa. Kilichojulikana ni kwamba Siddharth, akichechemea kwa sababu ya lile kopo, alivuka upande wa huku na suruali imekunjwa magotini, kwa amri. Wazee wawili wakaingia kwenye matope na ndoo. Walichota uchafu mweusi wenye harufu ya jiko la hoteli lililofungwa na watu wa afya, wakaumwaga kwenye migomba. Walihamisha mahali pa kuoshea gari hadi upande wa barabara. Waliziba mfereji. Wale wagonjwa wa pamba walikamatwa mmoja mmoja na kutiwa kwenye pipa la maji ya chumvi, na Obonyo alikaa pembeni yake na saa, akiwahesabia muda kama mtihani wa taifa.

"Omera," Siddharth alisema siku moja, akishika kiuno, "suruali inanidondoka."

"Kaza mshipi."

"Nimekaza. Matundu yamekwisha."

Obonyo alijitazama tumbo lake. Lilikuwa bado tumbo, lakini vidole vya miguu, ambavyo hakuwa ameviona akiwa amesimama tangu enzi za kazi, vilikuwa vimeanza kuchungulia.

Wapo samaki waliokufa, na yule mkubwa wa macho alikuwa mmoja wao. Obonyo alimzika chini ya mgomba na hakutaka mzaha. Waliobaki walianza kushuka chini ya maji, mahali pao. Mapezi yakaanza kuota upya. Lakini Nabwire alisema wasiguswe kwa kisu mpaka wapone kabisa, na wageni walikuwa njiani.

Ikabidi waende Dunga. Ajwang aliwachagulia ngege wazuri waliotoka majini alfajiri ile, akiwafunga huku mabega yanatikisika.

"Wa Dunga hawa, Japuonj. Hawajui bhajia."

"Nani amekwambia?"

"Kisumu nzima, mwalimu."

Wazazi wa Oyugi walifika wamevaa vizuri. Baba, Mzee Obiero, alikuwa mtu mpana mwenye kicheko kipana zaidi, na mkewe, Mama Metrine, alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Samaki wa Ajwang walipikwa kwa nyanya na kitunguu, bila kukaangwa, na walisifiwa sana. Hakuna aliyeuliza wametoka wapi, na Obonyo alikuwa ameamua kwamba mtu asiyeulizwa hajadanganya.

Lakini baada ya chakula Mama Metrine alisema, "Tumesikia sana habari za bwawa. Tunaomba kuliona."

Wakaenda wote. Maji yalikuwa yametulia, yanaonekana mpaka chini kidogo. Ngege walipita chini yake, wembamba, wepesi. Mama Metrine alifurahi kama msichana. Alikuwa ametoka mezani na nusu ya chapati mkononi, zile chapati zilizopikwa kwa ajili ya wageni tu.

"Wazuri jamani," alisema. "Hebu niwape kidogo." Akainua mkono.

"Usitupe!"

Obonyo hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Watu walisema aliruka. Alichokijua ni kwamba chapati ilikuwa tayari hewani, na kwamba aliidaka, na kwamba mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya bwawa hadi gotini, kiatu cha sherehe na soksi vikiwemo, na mama wa mkwe wake mtarajiwa alikuwa amerudi nyuma, mkono kifuani. Sheryl alifunika uso. Oyugi aliangalia mbinguni.

"Samahani, Mama," Obonyo alisema, bado ameinua chapati. "Hawa ni wagonjwa. Maini yao yana mafuta."

"Maini ya samaki?"

Basi ikabidi aseme. Akiwa na mguu mmoja majini alieleza yote: daktari, kabichi, kopo la rangi, bhajia, korongo, sabuni ya gari, na kwamba ngege walioliwa mezani ni wa Ajwang wa Dunga. Alieleza bila kujipendelea, isipokuwa pale kwenye korongo, ambapo bado aliona wazo lilikuwa zuri. Maximilla alianza kwa kukunja uso akaishia kuegemea mgomba, machozi ya kicheko yakimtoka. Mzee Obiero alicheka mpaka akatafuta kiti, na kiti hakikuwepo, akashikilia ukuta wa Siddharth.

"Mpaka kabichi!" alisema, akipangusa macho. "Unamtupia samaki kabichi ya mke wako! Sheryl, mwanangu, umetoka nyumba ya watu wa kweli. Oyugi, hapa usiondoke."

Mama Metrine peke yake hakucheka. Aliuliza maswali, akimtupia mumewe jicho. Hilo ini, rangi yake ilikuwaje hasa? Wakati wa kupumua, walikuwa wanahema asubuhi tu au hata wakilala? Na baada ya kupunguziwa chakula, ilichukua muda gani tumbo kushuka? Obonyo alimjibu moja baada ya jingine, amefurahi kupata mtu anayejali ufugaji, huku Mzee Obiero akianza kusema kwa sauti kwamba jua limekwenda, warudi ndani, kuna mambo ya posa ya kuzungumzwa.

Yalizungumzwa, na yalikwenda vizuri. Harusi ikapangiwa Desemba. Wageni walipoondoka, Obonyo alikaa barazani akivua kiatu kilicholowa, na Maximilla akaja kuketi karibu naye.

"Mama Metrine amechukua namba ya Nabwire," alisema.

"Ya daktari wa samaki? Vizuri. Sikujua kama wana bwawa."

"Hawana," Maximilla alisema.